Picha Iliyohifadhiwa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa studio, Mzee Poda huwasha kompyuta na kufungua picha ya mkewe. Humtazama kidogo. Kisha hurekebisha jambo dogo: leo anang'arisha paji la uso, kesho anapunguza kivuli shingoni. Huhifadhi juu ya picha ileile, hufunga, ndipo huanza kazi. Mkewe ana miaka sita kaburini.

Jina la Poda alibandikwa na wateja, kwa jinsi anavyolainisha nyuso. "Mzee, ukiniongezea tena, mama ataniuliza mimi ni mgeni wa nani," humtania. Picha za wateja huzifanyia kazi kwenye nakala, asilia haigusi. Ya mkewe hakuitolea nakala hata moja. Mganga hajigangi.

Wiki hii bintiye alipiga simu, jambo la nadra. Amehamia nyumba mpya. Anataka picha ya mama, kubwa kama sinia, aitundike sebuleni. Jumamosi angekuja mwenyewe kuichukua. Mzee akaikuza picha mpaka ikajaa kioo cha kompyuta. Mashavu yalikuwa na viraka vya mraba kama sakafu ya vigae. Kope hazikuwepo.

"Kompyuta hii ina virusi," alimwambia msaidizi wake mpya, msichana aliyetoka chuo kikuu, mtu wa maneno ya kuhesabu.

Msichana akavuta kiti, akatazama. "Si virusi, mzee. Picha ya aina hii hubanwa kila unapoihifadhi, ili isichukue nafasi kubwa."

"Mafaili nabana kila siku nawatumia watu, na yanafunguka mazima!"

"Yale ni kama nguo sandukuni. Unazikunja, unazikunjua, zote zipo. Hii hubana kwa kutupa. Inatupa vitu vidogo inavyodhani jicho halitaviona. Kuifungua tu hakuna neno. Lakini ukirekebisha na kuhifadhi, inatupa tena, kutoka kwenye kile kilichobaki."

Mzee akahesabu moyoni. Miaka sita ya asubuhi.

"Kama asilia ipo, tunaanza upya," msichana alisema taratibu.

"Kadi ya kamera niliifuta. Nikapigia harusi ya watu."

Ikabidi waichape ndogo, saizi ya kiganja, maana picha ikiwa ndogo viraka havionekani. Mashine ikakoroma, mkewe akatoka akitabasamu, hana doa, hana pa kutundikwa. Mzee akampigia bintiye. "Itakuwa ndogo, mwanangu. Ya kuweka mezani." Upande wa pili ukasema haya baba, na simu ikakatika.

Aliitia picha kwenye bahasha, akaketi mikono mapajani. Msichana alisogeza karatasi ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Mwishowe akathubutu.

"Mzee, siku zote hizo ulikuwa unarekebisha nini?"

"Hakuna kitu," alisema. "Alikuwa sawa tangu mwanzo."