Utunzi Uliochaguliwa

Kwa miaka mingi nilifundisha kwaya kule Vudee, na karibu kila aliyejua kusoma nota kijijini alijifunza kwangu. Mmoja wao ni binti aliyeimba sauti ya pili, ambaye baadaye aliteremka Same mjini akawa fundi cherehani.

Tukasikia kuna chama Moshi kinachotafuta watunzi wa muziki mpya wa fidla na piano, muziki wa kukaa na kusikiliza. Kazi moja ingechaguliwa ipigwe hadharani. Nikatuma yangu. Sikujua kwamba na yeye ametuma.

Alinipigia simu nikiwa shambani, nang'oa maharage.

"Shikamoo mwalimu. Wamenichagua!"

"Marahaba. Hongera sana," nikajibu. Mimi hawakuniandikia hata pole.

Siku mbili baadaye akanipigia katibu wa chama. Binti alikuwa amenitaja kama mwalimu wake. "Tunathibitisha tu, mzee. Utunzi huu ni wake mwenyewe?"

Nilijua ni wake. Nikasema, "Kwa kweli siwezi kusema."

Wakasimamisha kila kitu. Binti akapanda mlima kwa bodaboda, kabeba rasimu zake zote kwenye mfuko wa kitambaa, aje kuniomba nimtetee. Hakujua nani kamtilia shaka. Akazitandaza mezani. Utunzi ulihusu ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia, asubuhi linapofunguliwa: fidla moja inaanza kwa kusitasita, kama maji yanayotafuta njia mferejini, kisha nyingine zinaifuata.

Nilisoma nikisikia kila kitu kichwani. Ndiva ile nimeifungua kwa zamu tangu ujana wangu, na sikuwahi kusikia chochote humo. Hapo ndipo wivu uliponitafuna hasa. Mwanzoni nilijidanganya kuwa chama kimekosea. Sasa sikuwa na pa kujifichia.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyewatia shaka."

Mkono wake ukasimama juu ya karatasi. "Kwa nini, mwalimu?"

"Wivu."

Mke wangu alileta chai. Binti hakuigusa. Nikampigia katibu pale pale, mbele yake, nikamweleza kwamba utunzi ni wa binti na kwamba mimi nilijua tangu mwanzo. Binti aliposikia hivyo akakusanya rasimu zake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Muziki ulipigwa kwenye ukumbi pale Same. Nilikaa nyuma kabisa. Nakiri, fidla ya kwanza ilipoanza nilitamani ikwaruze. Haikukwaruza. Ulipokwisha, watu wote wakasimama kupiga makofi. Binti akawashukuru wapigaji, mama yake, na wateja waliovumilia nguo zao kuchelewa. Mimi hakunitaja, na ilinichoma, ingawa sikuwa na haki ya kulalamika.

Nyumbani mke wangu aliniuliza ulikuwaje. Nikamwambia ni mzuri kuliko wowote niliowahi kutunga. Akadhani nimepona wivu. Sikumsahihisha.