Darubini ya Ami Bakari

Enzi zetu kule Mkwaja, mtoto mwenye uchu wa nyama aliitazama kwanza miguu ya mwindaji. Msicheke, nyinyi vijana wa nyama ya friji! Mnyama akishapigwa risasi, mwindaji alitimua mbio na kisu mkononi ili amchinje angali hai. Akichelewa, huyo ni nyamafu, haliwi, hata kama viungo vimeshatwangwa na sufuria ziko mekoni.

Ami Bakari, mdogo wake baba, alikuwa na bunduki kuukuu na maneno mengi. Shangazi Mwanaidi alipoposwa, ami alijigamba mbele ya wakwe: "Harusini kwa dada yangu watu watakula kongoni!" Bibi alimkata jicho, lakini maneno yalikwishatoka.

Basi akapanda lori kwenda mjini, Ngamiani, nami juu ya mapaja yake, maana nililia mpaka nikachukuliwa. Katika duka la vitu vilivyotumika tulionyeshwa darubini mbili za kufunga juu ya bunduki. Moja ilikuwa ndefu, inang'aa, na bei yake ilimfanya ami akohoe. Ya pili ilikuwa fupi, imechubuka, bei ya kinyonge. "Hiyo ya kitoto," akasema ami. Akaweka rahani koti lake la harusi, akapewa ile ndefu akaijaribu. Nami nilichungulia, nikamwona paka wa mwisho wa mtaa akilamba masharubu. Nilidhani ni uchawi.

Tuliporudi, ami alimwona kongoni ng'ambo ya mbuga, mbali kabisa. Akapiga. Kongoni akaanguka, nasi watoto tuliokuwa tukiwinga ndege shambani tukapiga vigelegele. Ami akakimbia, akazama topeni, kiatu kikabaki humo, akainuka, akakimbia tena. Alipofika, mnyama alikwishakata roho. Alirudi mikono mitupu, na Shangazi akajifungia chumbani akalia. Angewatazamaje wakwe?

Bibi hakumgombeza. Aliitazama ile miguu yenye tope hadi magotini, akasema, "Bakari mwanangu, jicho lafika, miguu haifiki. Kanunue darubini ya kadiri ya mbio zako."

Tulicheka hadi mbavu zikauma, na Shangazi naye tukamsikia akicheka huko ndani. Ami akarudi mjini, akairudisha ile ndefu, akachukua ile fupi, na koti lake akalikomboa. Siku moja kabla ya harusi alitambaa nyasini asubuhi nzima, akasogea karibu, akapiga, na kabla vumbi halijatulia alikuwa juu ya mnyama, kisu mkononi na bismillahi mdomoni. Pilau ile, jamani! Karafuu za Pemba zilinukia hadi barabarani, na masinia tuliyakomba yakang'aa. Mpaka leo nikipika pilau ya kuku wa dukani, pua yangu huitafuta ile harufu na haiipati.

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu ya picha kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo bibi! Nakuona vizuri kabisa, hata kipini chako nakiona!" Nilifurahi, nikaitikia marahaba. Kisha moyo ukaninywea, kwa sababu Idi zinakuja na kupita hajakanyaga kizingiti changu. Nikamwambia, "Jicho lafika, mwanangu. Miguu je?"