Mguu wa Kukhu kwenye Slaidi

“Mbona umemkata Kukhu kichwa?”

Nilimuuliza dada Nerima swali hilo nikiwa darasa la tatu, nimesimama nyuma ya kiti chake na andazi mkononi. Kwenye laptop yake palikuwa na picha ya mguu wa Kukhu, nyanya yetu wa Sio Port, mji mdogo kando ya ziwa. Mguu ulikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo. Kutoka goti kwenda juu hapakuwa na mtu. Na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemwona Kukhu mzima katika picha hiyo hiyo, na kitambaa chake cha kichwa, ameketi. Nerima hakugeuka.

“Wee, andazi lako linadondosha mafuta,” akasema, akaendelea kubonyeza.

Nerima ni binti wa shangazi yangu. Alikuja kukaa kwetu Busia mjini alipopata nafasi ya kusomea uuguzi chuo kikuu, kwenye tawi lililo hapa karibu. Mimi nilidhani kusoma chuo kikuu ni kutafuta picha, maana ndicho nilichomwona akifanya. Anakunywa chai akitafuta picha. Anamenya viazi, simu imeegemezwa kwenye sufuria, anatafuta picha. Karibu kila wiki walikuwa na prezentesheni: unasimama mbele ya wenzako, slaidi zinamulikwa ukutani, unaeleza, mhadhiri anakuuliza maswali mpaka unatamani kukaa.

Kwetu tuko karibu sana na mpaka, na simu haijui iko nchi gani. Ukiketi sebuleni inashika mtandao wa Uganda, bando inakataa. Ukitaka Kenya unasimama nje karibu na kamba ya nguo. Basi Nerima alikuwa anasimama hapo kati ya mashuka, mkono juu.

“Naambiwa tena karibu Uganda,” alikuwa akisema. “Kila siku nakaribishwa, na hata chai sijapewa.”

Somo lililomchosha kabisa lilikuwa la vidonda visivyopona. Kikundi chao kilikuwa na watu wanne, lakini wawili kazi yao ilikuwa kuandika “niko njiani” kwenye simu. Aliyekuja nyumbani ni Levis wa Port Victoria, kijana mwenye mdomo, ambaye katika slaidi zote alikuwa ametengeneza moja tu, ile ya mwisho iliyosema ASANTE. Nerima alitafuta picha za vidonda. Miguu yote iliyotokea ilikuwa ya wazungu.

“Kwetu kidonda hakiwi hivi,” aliniambia, kana kwamba mimi ndiye mhadhiri. “Hakuna huu wekundu pembeni. Nikionyesha hii, mtu ataenda hospitali akitafuta wekundu, na mgonjwa ako na ngozi kama yangu.”

Alipopata mguu mweusi, maandishi ya wenye kuuza picha yalikuwa yamepita katikati ya kidonda. Mwishowe akapata mmoja safi. Akafurahi. Alipoupeleka darasani, mhadhiri aliutazama akavua miwani. Levis ndiye aliyetuigizia, sauti na yote:

“Huyu mzee! Nimeuona mguu wake tangu nianze kufundisha hapa. Kila mwaka analetwa. Hajapona tu? Nendeni mniletee mguu mwingine.”

Darasa lilicheka. Nerima hakucheka. Alikuja akalala na viatu.

Wakati huo Kukhu alikuwa na kidonda kweli. Kazi yake ilikuwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, na aliufunga mguu kwa kitambaa kwa sababu ya nzi. Nerima alikuwa akienda Sio Port kila Jumamosi kumsafisha, na Jumamosi moja nikafuatana naye. Alipomaliza akatoa simu.

“Kukhu, naomba nipige picha ya mguu. Ni ya shule.”

“Mguu?” Kukhu akamtazama. “Mguu peke yake? Kwani mimi nimechinjwa?”

Aliingia ndani. Tulingoja mpaka nikaanza kuwafukuza kuku wa jirani kwa kukosa kazi. Alitoka amenawa, amevaa gauni la kanisani, kitambaa cha manjano kichwani. Akaketi, mikono juu ya mapaja, miguu yote miwili ameiweka pamoja. Ukutani kwake picha zote ziko hivyo: mtu mzima, kutoka utosini hadi viatu, na hakuna anayecheka. Zamani mpiga picha akikata miguu ya mtu alirudishwa akapige tena.

“Mtu hapigwi picha nusu,” Kukhu alisema. “Piga yote. Na hao wenzako uwaambie huu mguu uko na mwenyewe. Wanione uso.”

“Watakuona, Kukhu.”

“Haki?”

“Haki ya Mungu.”

Ilikuwa picha nzuri. Levis alipoiona kwenye laptop akapiga mluzi, kisha akafungua maagizo ya mhadhiri kwenye simu yake. “Sister, tuko na shida. Sura ya mgonjwa haionyeshwi. Jina haliandikwi. Ukionyesha huyu mama, sote tunafeli.”

Nerima aliichukua simu akayasoma maagizo mwenyewe. Halafu akakata. Hapo ndipo nilipouliza swali langu, na hapo ndipo nilipoambiwa habari ya andazi.

Faili ya slaidi ikawa nzito. Ilikataa kutumwa. Levis akasema, “Hii ni kama gunia la omena mbichi. Si ubonyeze ile kitu inapunguza picha?”

“Sibonyezi.”

“Kwa nini? Ni sekunde moja.”

“Levis, sibonyezi.”

Nerima akaiweka kwenye flashi, akaipeleka chuoni mwenyewe kwa miguu, na mvua ilikuwa inanyesha. Mhadhiri alisifu picha.

Jumamosi iliyofuata Kukhu aliuliza kabla hata hatujaketi, “Waliniona?”

Nerima alikuwa ameinama anafungua bandeji. “Ulijaa ukuta wote, Kukhu.”

Kukhu alicheka kwa raha. Mimi nilijua kilichojaa ukuta ni mguu tu. Nilimwangalia Nerima, naye akaomba nimshikie beseni.

Nerima alimaliza chuo. Akaenda mafunzo ya kazi mbali, akarudi, akakaa bila kazi, akapata ya mkataba, mkataba ukaisha. Sasa yuko kliniki moja Malaba, na madereva wa malori wanamletea miguu iliyovimba kwa kukaa kwenye foleni ya mpakani. Hata huko wanataka slaidi kila mwezi. “Nilidhani nimeziacha chuoni,” husema, na kulala na viatu hakujaisha.

Kidonda cha Kukhu kilikuwa kimefunga. Kikafunguka kingine kwenye kidole, na safari hii ikajulikana ni sukari, ikajulikana kwa kuchelewa. Mwaka jana walimkata mguu, chini ya goti. Mguu ule ule. Akaletwa kwetu, akakaa amegeukia ukuta. Chakula anaonja tu. Jumapili moja Nerima ametoka zamu, bado amevaa sare, Kukhu akamwita.

“Ile picha ya shule. Ile niko na miguu yote. Nataka kujiona.”

Simu iliyopiga picha hiyo iliibiwa zamani, sokoni. Nerima aliketi kitandani. Mimi nikakumbuka ile laptop, nikaitoa chini ya kitanda, nikaichomeka kwa umeme, kwa sababu betri ilishakufa. Slaidi zilikuwepo. Nikafungua, na pale palikuwa na kitu kilekile: mguu bila mwenyewe. Mguu wenyewe hata haupo tena. Nikataka kufunga kabla Kukhu hajaona.

“Lete hapa,” Nerima akasema.

Alibonyeza picha mara mbili, akagusa kitu juu, alama nyeusi za kukatia zikatokea kwenye pembe za picha. Akashika ukingo wa juu akauvuta polepole. Goti likatoka. Gauni la kanisani. Mikono juu ya mapaja. Kitambaa cha manjano. Uso. Akauvuta na ukingo wa pembeni, mguu wa pili ukaja ukasimama karibu na mwenzake.

Kukhu alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kioo. Tulingoja alie.

“Hicho kitambaa,” akasema, “nilimpa nani?”

“Sijui, Kukhu,” Nerima akasema.

“Kilikuwa kizuri.” Akatazama tena. “Na miguu nimeiweka sawa.” Halafu akaomba uji, akanywa wote.

Nerima alitoka akaketi barazani. Nilimfuata nikamuuliza lile swali, la tangu darasa la tatu. Alikuwa anafungua kamba za viatu, na nilidhani ataniambia tena habari ya andazi.

“Sikumkata, nilimfunika tu. Kama ningebonyeza ile kitu ya Levis ya kupunguza picha, ingefuta yote iliyofunikwa, angeenda kabisa. Walisema asionekane, hawakusema asikuweko. Mhadhiri alikaa na yeye mzima kwa faili yake na hakujua. Sasa shika hivi viatu uweke ndani, mimi nataka kulala.”