Povu Juu ya Pilipili

Kabla mteja wa kwanza hajafika, Saturnina Quicaña hupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kila glasi. Kisha hukalia mabenchi, moja baada ya jingine, akijitikisa, na benchi likicheza hukunja kipande cha boksi akakichomeka chini ya mguu wake. Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja katika mkahawa wake wa Arequipa, na bintiye Nélida huona haya kumtazama.

"Mama, watu hawaji kukagua mabenchi."

"Wanakuja kuyakalia."

Mtaa mzima unajua taratibu zake. Jumatatu supu ni chaque, Jumanne ni chairo, na anayetaka chairo Jumatatu huambiwa arudi kesho. Pilipili ya mezani, ya rocoto nyekundu kali na majani ya kiungo cha huacatay, husagwa kwa batán: jiwe bapa ambalo juu yake jiwe jingine zito, lenye tumbo la mviringo, huyumbishwa kwa mikono miwili. Saturnina alianza kuliyumbisha akiwa na miaka kumi na mmoja, amesimama juu ya kreti ya bia, mama yake yuko nyuma akimwambia asikilize. Mbegu zikiwa bado nzima, jiwe hukwaruza. Zikilainika, hunyamaza. Hapo ndipo unaacha.

Tangu kiwanda cha sufu cha jirani kifungwe, Jumatatu zilikauka. Kuna siku supu ililiwa na watu watatu: yeye, Nélida, na mzee Melquíades, fundi wa reli aliyestaafu. Ndipo akaja Bwana Urbano wa kampuni ya utalii na ahadi yake: wageni thelathini kila Jumatatu, mwaka mzima, iwapo wale wa kwanza wataondoka wameridhika. Nélida alikosa usingizi kwa furaha. Alikuwa ameshaanza kutafuta kazi Lima.

Jumatatu ya kwanza, basi la Bwana Urbano lilifika nusu saa kabla ya wakati. Saturnina alikuwa ukumbini akimimina chicha, pombe ya mahindi, na pilipili ilikuwa haijasagwa. Nélida akakimbia kwa jirani, akaazima blenda.

Saturnina aliona bakuli la pilipili lilipotua mezani. Pembeni palikuwa na povu jembamba, la waridi. Jiwe halitoi povu. Akaliinua bakuli, akaenda meza ya pili, akainua jingine, mpaka akayakusanya yote sita.

"Kuna nini, mama?" Bwana Urbano alimfuata.

"Hii siyo yangu."

"Ladha ni ile ile."

"Umeionja?"

"Mimi pilipili situmii."

Mzee Melquíades akacheka ndani ya glasi yake. "Na bado anatuhakikishia."

Bwana Urbano akashusha sauti. "Sikiliza, mama yangu. Tuna dakika arobaini, halafu tunakwenda kwenye monasteri."

"Kusaga ni dakika ishirini na tano. Monasteri imekaa pale miaka mia nne na ushee. Haiendi popote."

"Ukimwaga hiyo, basi langu halirudi hapa."

"Mama, tafadhali," alisema Nélida mlangoni, mikono bado ikinuka rocoto.

Saturnina alimtazama binti yake, kwa muda mfupi kuliko alivyotaka. Kisha akamimina mabakuli yote kwenye mfereji wa uani, akanawa, akavua pete, akashika jiwe.

Jiwe likaanza kukwaruza. Wageni kadhaa walitoka na simu zao kumpiga picha, hakugeuka. Alisikia Bwana Urbano akipiga makofi mawili ya kuwaita watu wake, mabenchi yakisogezwa, mlango wa basi ukifungwa. Mikono yake haikubadili mwendo.

Jiwe liliponyamaza, akachota kwa kijiko na kuingia ukumbini. Walikuwa wamebaki wanne: mzee Melquíades, na wanawake watatu wenye kofia za jua walioliacha basi liende. Akawawekea bakuli. Mmoja wao akachovya kiazi, akafumba macho, machozi yakamtoka, akachovya tena.

Nélida alikuwa jikoni, akiiosha blenda ya jirani kwa hasira.

"Umefukuza mwaka mzima kwa sababu ya povu."

"Ndiyo," alisema Saturnina, akirudisha pete kidoleni. "Kwa sababu ya povu."

"Na Jumatatu ijayo tutafanya nini?"

"Jumatatu ijayo ni chaque."