Wa Sifuri Hawapigiwi

Watu wakisikia kwamba kazi yako ni kukaa kitini na kuongea na simu, wanakuona umeukata. Hata mdogo wake Mkunga, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alimwambia hivyo waziwazi: "Dada, wewe unalipwa kwa kupiga soga." Mkunga alikuwa akimenya vitunguu, akaendelea kumenya. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Mkunga ndivyo walivyomwita wote, maana alizalisha wanawake miaka ishirini na sita mpaka magoti yakagoma. Wodi ikamtema. Zahanati ikamwokota, ikampa kiti, simu, na meza iliyobanwa kati ya stoo ya dawa na choo cha wafanyakazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasaidia wajawazito waache sigara. Usicheke. Wapo, tena si haba, na wengi wao huvuta kwa kujificha kama wezi. Nani atakuja kukaa kwenye benchi mbele ya majirani na kusema, jamani, nina mimba na navuta? Kwenye simu wanaweza kusema. Kwenye simu hakuna anayekutazama tumbo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila siku saa nane mchana mama anapata ujumbe: "Leo umevuta ngapi?" Anajibu kwa namba tu. Aliyetuma sifuri anarudishiwa pongezi za mashine, hongera mama, endelea hivyo hivyo, basi, mpaka kesho. Aliyetuma moja na kuendelea, Mkunga anampigia kabla ya saa kumi na moja na wanazungumza. Wanawake walikuwa themanini na mmoja, Mkunga alikuwa mmoja. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini alizipenda sifuri: kila sifuri ilikuwa simu moja ya kutopiga. Na juu ya hayo msimamizi alikuwa na sheria yake. Mtu akikaa wiki sita bila namba yake kushuka, faili linafungwa na nafasi anapewa mwingine aliye kwenye foleni.

Ijumaa ya wiki ile, Fundi alikuwa anatimiza wiki sita.

Fundi alikuwa mshonaji, mimba yake miezi saba, chumba kimoja na cherehani moja. Mimba ya kwanza ilimtoka ikiwa na miezi sita, na ndipo alipoanza sigara. Moja ya kuzuia machozi, halafu pakiti nzima. Mumewe dereva wa lori, siku tatu nyumbani, wiki tatu barabarani. Alipojiunga alikuwa anatuma kumi na moja. Ikashuka hadi nane, ikashuka hadi tano, ikafika mbili, ikagusa sifuri siku moja tu, ikarudi mbili na kuganda hapo hapo kama punda aliyekataa kuvuka mto. Leo mbili, kesho mbili, mtondo mbili.

Mkunga alijaribu kila alichofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa.

"Hamu ikikubana unafanya nini?"

"Nakunywa maji, nasubiri dakika tano, natoka nje." Majibu yote anayo, ameyameza.

"Sasa hizo mbili zinatoka wapi?"

"Zinanishinda tu, mama."

Basi wanahamia kwenye mengine: mgongo unavyouma, mtoto anavyopiga teke pale cherehani inapoanza kulia, yule mteja aliyenenepa siku tatu kabla ya harusi yake na kulaumu futi ya kupimia. Zikitimia dakika ishirini Mkunga anasema, "Haya mwanangu, nina wengine," na Fundi anasema, "Kesho basi."

Msimamizi, mtu wa shati lililonyooka na kalamu mbili mfukoni, alishachoka naye. "Huyu tumfunge. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Bandu bandu huisha gogo," Mkunga akamjibu.

"Gogo gani hilo linabanduliwa wiki sita na halitoki hata gome?"

Hapo alimweza. Mkunga alirudi mezani kwake na hofu imemkaa kifuani. Alishawapokea kwa mikono yake watoto wa akina mama wavutaji, vitoto vyepesi kama kuku wa kienyeji, vingine havikulia. Huyu wa Fundi alitaka alie. Hakuomba kingine. Na alijua kwamba ikishafungwa simu ile, hizo mbili zitarudi kumi na moja kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo Alhamisi akamwita zahanati aje kupuliza kipimo cha pumzi, kile kidude cha mkononi chenye mdomo wa plastiki kinachosoma moshi uliomo mwilini. Namba ikionyesha dalili yoyote ya nafuu, angeenda nayo kwa msimamizi kumwombea wiki mbili zaidi.

"Ni lazima, mama?" Fundi aliuliza kwenye simu.

"Ni lazima."

Akaja saa saba, mikono juu ya tumbo, vipande vya uzi vimemng'ang'ania kwenye sketi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Akapuliza. Kipimo kikasema moja.

Mkunga akakitazama, akakitikisa. Chini ya nne ni mtu asiyevuta kabisa. Akasema kidude kimekufa, ndiyo shida ya vitu vya msaada. Akabadilisha mdomo, akapuliza mwenyewe: moja. Akamwita mzee mfagiaji, ambaye aliamini hakuna anayejua anachofanya nyuma ya stoo kila baada ya chai. Mzee akapuliza: kumi na tisa.

"Hicho kitu kinasemaje?" mzee akauliza.

"Kinasema nenda kafagie."

Akafunga mlango. Akamgeukia Fundi, na Fundi akainamia vidole vyake vilivyotobolewa na sindano.

"Umeacha lini?"

"Mwezi na nusu sasa, mama. Na siku kidogo."

"Mwezi na nusu! Na hizo mbili za kila siku ni za nani? Za cherehani?"

"Nilipoacha nilituma sifuri." Fundi aliongea polepole, kama anayekiri wizi. "Siku moja tu. Ikaja ile hongera mama, endelea hivyo hivyo. Nikangoja unipigie, nikangoja mpaka jua likazama. Kesho yake nikatuma mbili, ukapiga saa tisa na robo. Wa sifuri hamwapigii, mama."

Lo! Hasira zilimpanda Mkunga mpaka masikio yakawaka. Alikosa usingizi kwa ajili ya mtu huyu. Alidhihakiwa na msimamizi kwa ajili ya mtu huyu. "Nina wanawake themanini na mmoja!" alisema. "Unajua themanini na mmoja ni wangapi? Dakika zako ishirini nilikuwa namnyang'anya mtu anayevuta kweli!"

"Najua. Ndiyo maana nilituma mbili tu. Ningetuma kumi ungenihangaikia zaidi."

Kicheko kilimponyoka Mkunga bila kutaka. Fundi hakucheka.

"Nikiwa peke yangu na ile mashine, hamu inakuja," alisema. "Naiambia, subiri, mama atapiga. Ukishapiga inakuwa imepita. Siku ukiacha kupiga, sijui nitaiambia nini. Duka liko mbele ya mlango wangu, na nimebakiza miezi miwili."

Mkunga akakaa, magoti yakalia. Akaitafuta njia, hakuiona. Akiandika ukweli, Fundi ni wa sifuri, na wa sifuri hapigiwi. Akiandika mbili, kesho faili linafungwa. Huku hamna simu, na huku hamna simu. Na sifuri nyingine zikamjia kichwani, thelathini na kitu, wanawake ambao hajasikia sauti zao tangu siku walipoacha, na kila siku alikuwa akishukuru kwamba wapo. Akalisukuma wazo hilo pembeni. Hakuwa na mahali pa kuliweka, alikuwa amechoka mno.

Akaandika sifuri kwenye faili. Kisha akachukua bahasha ya dawa, akaandika nyuma yake namba ya simu yake mwenyewe ya mkononi, jambo ambalo msimamizi alilikataza siku ya kwanza kabisa, na Mkunga mwenyewe akaunga mkono katazo hilo kwa moyo wote.

"Shika. Usinipigie nikiwa nakula. Na Jumamosi usinipigie kabisa, ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Umenisikia?"

Aliyasema kwa ukali. Fundi akaikunja bahasha mara mbili na kuisokomeza ndani ya blauzi.

Ijumaa msimamizi alifurahi mno. "Umeona? Utaratibu wetu unafanya kazi," akasema, na kumtoa Fundi kwenye orodha ya kupigiwa. Saa tisa na robo ikapita, Mkunga akiwa kwenye simu na mwingine aliyetuma kumi na nne, aliyekuwa akilia. Simu yake mwenyewe haikuita.

Iliita Jumamosi saa saba mchana. Mkunga alikuwa ametoka sokoni, amejitupa kitandani na viatu vyake.

"Iache, dada," mdogo wake akasema kutoka sebuleni. "Leo si siku yako?"

Akaiacha. Ikaita mpaka ikakatika. Mwili wote ulimwambia lala, na angelala, wallahi angelala, lakini akaliona lile duka ambalo hajawahi kuliona, mbele ya mlango. Simu ikaanza tena. Akaikamata kabla haijaita mara ya pili.

"Umevuta?"

"Hapana, mama."

"Uchungu? Damu?"

"Hapana. Sina shida yoyote. Nilitaka kuona kama utapokea."

Mkunga akafumba macho. Hasira zikataka kumpanda, zikakosa nguvu za kupandia.

"Nimepokea," akasema. "Haya, niambie, mgongo unaendeleaje?"

Fundi akaanza kulia. Mkunga akavua viatu kwa mkono mmoja, akakaa kumsubiri amalize.