Filimbi Walinipa, Pasi Walininyima

Enzi zetu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, na sote tulikuwa sawa, isipokuwa Jumamosi saa kumi jioni, mpira ulipoanza. Hapo kazi ya msichana ilikuwa kulinda ndala za wavulana. Mpira wenyewe ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa vipande vya tairi kuukuu la baiskeli, mzito kama bukari, ule ugali wetu, iliyolala. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilimshinda mbio kaka yangu Kabamba, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kucheza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyeipenda lugha hiyo kuliko alivyoijua, alitufundisha neno "umpire", yaani refa. Alisema Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa kale, na mwanzoni lilimtaja mtu asiye na mwenza, yule wa tatu anayebaki wawili wakigombana. Hana upande, ndiyo maana anaaminiwa. Wavulana, ambao kwa kawaida hawakusikia hata kengele, siku hiyo walisikia vizuri sana. Asiye mwenzao walikuwa naye, tena wa bure. Kabamba alinikabidhi filimbi akaahidi kwamba mechi na watoto wa barabara ya pili ikiisha bila ngumi, wiki ijayo nitacheza.

Timu zilikuwa sare, bao moja kila upande, hadi Kabamba alipousukuma mpira golini kwa mkono. Wote wakanigeukia. Nikilikubali bao la kaka, atafurahi na wiki ijayo nacheza. Siwezi kudanganya, niliwaza sana. Kisha nikapuliza.

"Haiko goli, Kabamba. Mi niliona mukono."

Ngumi haikupigwa. Nyumbani kaka alinuna, akalalamika kwa mama kwamba wasichana hawajui mpira. Mama alikuwa akisonga bukari, hata hakugeuka.

"Kama hajue mupira, munamupatia filimbi ya nini?"

Tangu hapo kila Jumamosi wavulana walinijia na filimbi, maana walijua sipendelei. Pasi sikupewa hata moja.

Siku hizi mabinti wa Kolwezi wana jezi, viatu vya mpira, na simu za kujipiga picha kabla jasho halijatoka. Wakifungwa wanalia eti refa kawaonea. Mimi nasimama pembeni nawacheka, na wivu unaniuma kwelikweli. Mpira ukitoka nje nauwahi kabla yao, na magoti yangu haya mabovu. Siurudishi kwa mkono.