Roshani ya Mama Mkwe

Mie ile nyumba nimeiona mara moja tu, kiangazi kilichopita, na tangu hapo roho yangu iko juu. Mume wangu Mgiriki. Tunaishi Thamesmead, huku kwa Waingereza, lakini mama yake yuko peke yake kisiwani kwao, kwenye mji wa majumba yaliyojengwa kwa kuiga mahekalu ya kale: nguzo mlangoni, pembetatu ya mawe chini ya paa, na roshani ya marumaru iliyotokeza juu ya njia. Nzuri, mashaallah. Nilipopita chini ya roshani ya mama nikanyanyua kichwa, nikaona ufa, na kutu imechuruzika ukutani.

Mimi mtu wa Mji Mkongwe. Kwetu roshani zinaanguka masika, na ufa naujua. Nikamwambia mume wangu. "Mwakani," akasema. Kumwambia mama mwenyewe? Thubutu! Kwetu mkwe haambiwi nyumba yake mbovu, hata ikikuangukia.

Ikafika Ijumaa Kuu yao. Jioni hiyo jeneza la Yesu hupambwa maua likapitishwa mitaani, na wenye roshani husimama juu kuwanyunyizia watu marashi. Mie nimo ndani ya basi, natoka kazini Woolwich. Mume wangu hapokei simu. Nikampigia mama kwa video.

"Mwanangu!" akasema, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Nyuma yake mlango wa roshani uko wazi. Mkononi kashika mrashi wa fedha niliompelekea mwenyewe kutoka Unguja. Yarabi, zawadi yangu!

"Mama, baridi hiyo. Nyunyizia dirishani."

Akacheka. "Dirishani? Mimi mgonjwa?"

Kengele zikalia kwa mbali. Akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Usikanyage, mama! Roshani mbovu hiyo, itaanguka!"

Basi zima likanigeukia. Nikajua basi, leo nimeuharibu ukwe wangu.

"Najua," akasema. "Nilijua kabla yako. Ndiyo maana nasimama peke yangu, hata mwanangu simruhusu. Nimezaliwa humu. Ikianguka, nitaanguka nayo."

Nilitaka kulia, lakini hasira ikanitangulia. "Na wanaopita chini je, mama? Waliobeba jeneza?"

Akatazama chini. Naapa hilo hakuwa amelifikiria.

Simu akaitupa kitini. Nikabaki kuangalia dari lao, lile la maua yaliyochorwa kwa rangi, huku nasikia mlango wa roshani unafungwa, kisha viatu vyake kwenye ngazi. Kituo changu kimeshanipita zamani, wala sikujali. Halafu nikamsikia njiani, sauti imemkauka, anawapigia watu kelele wapite upande wa pili, nyumba yake imeoza. Mji mzima aliutangazia yeye mwenyewe aibu ambayo mie niliogopa kumnong'oneza.